Anki kwa msamiati wa IELTS: kadi ziandike mwenyewe

Wauguzi wenzangu mnaojiandaa kwa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kwa upande wa msamiati mimi niliitegemea Anki, programu ya kadi za kujikumbusha, na naipendekeza kwa moyo mmoja. Sharti langu ni moja tu: kadi ziandike mwenyewe.

NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, linataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Katika kuandika na kuzungumza, msamiati peke yake ni robo ya alama. Kiingereza tunacho, lakini ni kile cha faili la mgonjwa, kifupi na chenye vifupisho vingi. Mtihani nao unakuuliza habari za misitu, ushuru wa magari na majumba ya kale.

Anki inakuonyesha kadi, unajijibu kichwani, unaigeuza, kisha unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kuonyesha ulivyokumbuka. Ukisahau, kadi inarudi baada ya dakika chache. Ukikumbuka, inasubiri siku, halafu wiki, halafu miezi. Ukitoka zamu ya usiku na nguvu zimekwisha, ni nafuu kubwa kutorudia unachokijua.

Sasa, kuhusu kadi. Chukua neno “fluctuate”, linalofaa sana kwenye swali la grafu. Kadi za kupakua, zilizoandikwa na wengine, huwa na neno mbele na maana nyuma: kupandapanda na kushukashuka. Utalijibu sawasawa kila asubuhi, na ukiwa mbele ya karatasi bado utaandika “was fluctuated”. Kadi yangu ina pengo: “Prices ____ between 40 and 60 dollars throughout the year.” Nyuma kuna “fluctuated”, na chini yake sentensi ya wodini: “His temperature fluctuated overnight.” Hapo umelipata neno pamoja na majirani zake.

Tena kadi nyingi za kupakua zimejaa maneno kama “lugubrious”, yanayowafaa wanaofanya GRE, mtihani wa Marekani wa kuingia masomo ya uzamili. IELTS haihitaji hayo. Chota kutoka Academic Word List, aliyoitoa Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000: familia 570 za maneno ya kitaaluma, katika makundi 10. Kundi la kwanza lina 60, na ndiyo yanayojitokeza zaidi. Anzia hapo.

Kwenye Android na kompyuta Anki ni bure. Kwenye iPhone ni dola 24.99, unalipa mara moja. Kadi zikishaingia kwenye simu huhitaji bando. Nyingi nimezipitia kwenye foleni ya feri Likoni.

Sura yake haivutii, na mipangilio inamchosha mgeni. Inaanza na kadi mpya 20 kwa siku. Shusha hadi 7 au 8, maana marudio yanajilimbikiza haraka na watu wengi huachia hapo. Matamshi pia hupati mpaka uongeze sauti mwenyewe.

Na kama mtihani wako ni wiki ijayo, usiianze Anki sasa. Andika insha, umpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri akusahihishie.