Nani Analipia Picha Zetu? Flickr, SmugMug, Google Photos na Wenzao Wakitazamwa kutoka Mtwara

Mpigapicha wa harusi mjini Mtwara hujaza diski zake haraka kuliko anavyoweza kununua nyingine, na ndiyo maana huduma za kuhifadhi na kuonyesha picha mtandaoni zimekuwa sehemu ya kazi yake. Hapa ninazipima huduma zinazojulikana zaidi kwa kigezo ambacho wateja wengi wa huku hawakitazami wanapofungua akaunti: fedha za kuziendesha zinatoka wapi? Nimekiweka kigezo hicho mbele ya uzuri wa muonekano na wepesi wa kupakia, kwa sababu kampuni ambayo haijui itapataje fedha hatimaye humgeukia mwenye picha, na mara nyingi humgeukia wakati picha zake zimekwisha kuwa nyingi mno kuhamishika.

Mfano mchungu zaidi ni Photobucket. Ilianzishwa mwaka 2003, na kwa miaka mingi iliwaruhusu watu kuweka picha kwake na kuzionyesha katika tovuti nyingine bila malipo, huku yenyewe ikitegemea matangazo. Mwezi Juni 2017 ilidai dola 399.99 kwa mwaka kwa yeyote aliyetaka picha zake ziendelee kuonekana huko, na kwa wasiolipa, picha zilitoweka na badala yake ikatokea alama ya kuwataka walipie. Maelekezo ya ufundi yaliyoandikwa kwa miaka mingi, yaliyotegemea picha ili yaeleweke, yalibaki maneno matupu. Mwaka uliofuata masharti yalilegezwa na bei ikashushwa, lakini mimi nisingeikabidhi kampuni hiyo picha za harusi ya mtu.

Mkulima wa korosho anaielewa hesabu hii vizuri. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho hukaa ghala kuu ikisubiri mnada, na gharama za kuitunza zina mlipaji anayejulikana tangu siku ya kupimwa. Picha iliyopakiwa nayo iko ghalani: inachukua nafasi kwenye seva, inatumia umeme, inanakiliwa mara kadhaa ili isipotee, na haina siku ya mnada ambapo ghala litaachwa wazi. Gharama yake inaendelea hata mwenyewe akiisahau.

Wapo walioamini kwamba wingi wa watumiaji utaleta fedha baadaye. Instagram ilianza Oktoba 2010, na Aprili 2012 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 1 ilhali ina wafanyakazi 13 tu na haina mapato. Matangazo yalianza kuonekana ndani yake mwaka 2013. Ushindi huo uliwapotosha wengi. Kampuni iitwayo Color, iliyotengeneza programu ya simu ya kushirikishana picha, ilipewa dola milioni 41 na wawekezaji kabla hata ya programu yake kuwafikia watu mwaka 2011, na kufikia mwisho wa mwaka 2012 ilikuwa imefungwa. Kwa mpigapicha wa hapa, Instagram inafaa kutangazia kazi na kupata wateja wapya, nami naipendekeza kwa shughuli hiyo pekee, kwa sababu inapunguza ukubwa wa picha na kwa hiyo haifai kuwa hazina.

Google Photos ndiyo ninayowashauri watu wa familia, hasa wenye simu za Android. Kutafuta picha ndani yake ni kwepesi, na kampuni yenyewe ina mapato mengine makubwa yanayoweza kuibeba. Hata hivyo, ilipoanza Mei 2015 iliahidi nafasi isiyo na kikomo kwa picha zilizopunguzwa ukubwa, na ahadi hiyo ilikoma tarehe 1 Juni 2021. Sasa mtumiaji asiyelipa ana gigabaiti 15 anazogawana na barua pepe na nyaraka zake. Mwenye kuitumia aiwekee sharti la kupakia kwa Wi-Fi pekee, la sivyo bando litaisha kabla hajaona kilichopakiwa.

Ninaloliheshimu zaidi ni kundi la SmugMug na Flickr. SmugMug ilianza mwaka 2002 ikiwatoza wateja ada tangu mwanzo. Flickr ilizaliwa Vancouver mwaka 2004, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 2005, na mwaka 2013 ikaanza kugawa terabaiti nzima bure. SmugMug ilipoinunua mwaka 2018 iliweka kikomo cha picha 1,000 kwa wasiolipa, na mwaka uliofuata ikaanza kufuta zilizozidi. Uamuzi huo uliwaumiza watu, lakini ulitangazwa mapema, na Desemba 2019 mkuu wa kampuni, Don MacAskill, aliwaandikia wateja waziwazi kwamba Flickr bado inapata hasara na inahitaji wanachama wengi zaidi wa kulipia. Nathamini sana ukweli wa namna hiyo. Tangu mwaka 2022 asiyelipa anaruhusiwa picha 50 tu zisizo za hadharani, jambo la kuzingatiwa na yeyote anayepiga picha kwenye sherehe za kuwatoa wali wa unyago, ambazo si zote zinazostahili kuonwa na kila mtu.

Kutoza ada, hata hivyo, hakutoshi. Everpix, huduma nyingine ya kuhifadhi picha, ilitoza, ikapendwa na waliolipa, na bado ilifungwa mwaka 2013 kwa sababu walipaji walikuwa wachache na wawekezaji wapya hawakupatikana.

SmugMug humwezesha mpigapicha kuuza nakala zilizochapwa kwa bei anayoipanga mwenyewe, nayo ndiyo njia ya mapato inayonivutia kuliko zote. Kwa bahati mbaya, maabara zinazochapa ziko ng'ambo, na ada yake kwa kawaida hulipwa kwa kadi ya benki, wakati wateja wetu kuanzia Mikindani hadi Nachingwea wamezoea kulipa kwa simu. Watu hawa hawajazoea kulipia nafasi ya kuhifadhi. Wanalipia picha iliyosafishwa, albamu na fremu, na wanalipa bila kusita. Kijana wa Mtwara au Lindi anayetaka kuanzisha huduma ya aina hii angeanzia hapo: studio ipakie picha za harusi, wageni wazitazame kwenye simu zao, wachague wanazozitaka, walipe kwa pesa za simu kwa kila picha, kisha wazifuate studio zikiwa zimesafishwa, gharama ya kuzihifadhi ikiwa imekwisha kuingizwa ndani ya bei hiyo.