Tucson yangu, cheni fupi, na fundi aliyetaka nimlete shemeji

Naomba nianze na fundi, maana nikianza na gari hasira itapoa, na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Gereji ipo Dar, mtaa siutaji. Nilipeleka Hyundai Tucson yangu, lile toleo la kwanza, petroli lita mbili, niliyoinunua mkononi kwa mama mmoja aliyekuwa anahama mji. Kilomita zilikuwa zimevuka laki moja. Nikamwambia, "Kaka, naomba uniangalizie taimingi belti. Nasikia hizi hutakiwa kubadilishwa kabla ya laki." (Ni ule mkanda wa injini unaofanya valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, zifunguke kwa wakati wake; injini nyingine zina cheni badala yake.) Akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu. Hakunijibu mimi, aliwaambia vijana wake: "Huyu ametoka kusoma Google." Wakacheka. Ndipo akanigeukia: "Dada yangu, haya mambo mwambie shemeji aje tuongee."

Shemeji! Mwaka wa kumi huu naendesha, gari nimeilipia kwa jasho langu, na huyo shemeji angekuja wangeishia kuongea Simba na Yanga. Nikakaza. Nikamwambia fungua, nataka kuona kwa macho. Akafungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, huku anapiga mluzi, vile mtu anavyombembeleza mtoto asilie, akanyoosha kidole kimejaa oili: "Haya, ona. Cheni hiyo. Cheni haibadilishwi. Inakufa na injini yake."

Na kweli, ilikuwepo. Cheni, inang'aa, nimeiona mwenyewe. Nikanywea. Nikalipa oili na plagi, nikamwomba radhi kwa kumsumbua.

Nilimwomba radhi. Narudia ili nami nijisikie.

Tarehe sikumbuki, nakumbuka mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nilikuwa naenda Morogoro kumwona mama, Kihonda. Chalinze nimeipita, Bwawani nimeipita, Mikese bado. Gari haikupiga kelele, haikutoa moshi. Ilizima tu, kama mtu aliyekatwa kauli. Usukani ukawa mzito, breki ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe, nyuma lori la mafuta linanipigia honi. Nikafika pembeni kwa kudra za Mungu. Nikajaribu kuwasha: stata ikazunguka nyepesi, haraka, kama feni. Anayejua magari angejua palepale. Mimi nilijua nimekwama, basi.

Nikavunja matawi nikayapanga barabarani, nikakaa ukingoni, nikaanza kuwasema Wakorea. Wote kwa ujumla wao, waliokufa na wasiozaliwa. Walisimama bodaboda watatu kunipa pole, na wote watatu walisema neno lilelile: "Ungechukua Toyota, dada." Wa tatu alikuwa ameshaondoka, akageuza pikipiki kuja kulisema.

Wala sikuwa na jibu. RAV4 ya umri uleule, wakati ule natafuta, ilizidi bei ya Tucson kwa karibu milioni tano. Nilidhani nimelamba dume. Sasa nimekaa kwenye majani, nimelamba vumbi.

Mdogo wangu yupo Ohio, nikamtumia ujumbe wa kulia. Badala ya kunifariji akanimwagia petroli. Akaniambia huko Marekani Hyundai ina historia ndefu ya kupendwa na kuchekwa. Mwaka 1986 waliingia na kigari kinaitwa Excel, dola 4,995 tu, wakauza zaidi ya 168,000 mwaka wa kwanza. Baada ya muda vigari vikaanza kuchakaa vibaya, jina likawa kichekesho kwenye vipindi vya usiku vya televisheni. Ili watu wawaamini tena, mwaka 1998 wakatangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia. Nikashtuka kwa furaha, miaka kumi! Akanikata maini: ni kwa mnunuzi wa kwanza, na ni kwa Marekani. Wewe wa mkononi, na wa Mikese, hauhusiki.

Akaongeza la injini za Theta II, za lita 2.0 na 2.4. Kuanzia 2015 kampuni ikawa inayaita magari yarudi, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kiwandani yaliachwa kwenye njia za oili, beringi za konirodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zikawa zinajisaga mpaka injini inashika. Mwaka 2020 Hyundai na nduguye Kia wakakubali adhabu za serikali ya Marekani zilizofika jumla ya dola milioni 210, kwa jinsi walivyochelewa kuyaita magari. "Kwa hiyo," akaandika mdogo wangu, "huko peke yako."

Nikaamini hapohapo kwamba ndicho kilichonipata. Nikaanza hata kuandika tathmini hii mnayosoma, nyota moja, na maneno ambayo mama akiyasoma atanifungia maombi.

Brekidauni ilinivuta mpaka Morogoro, kwa mzee mmoja ambaye binamu yangu anamwamini. Gereji yake ni mwembe na benchi. Nikamshukia na Theta II yangu, mabaki ya chuma, beringi. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakuuliza nimeolewa na nani. Akasema, "Mama, hii siyo Theta. Hii ni Beta, injini nyingine kabisa. Hiyo habari ni ya shangazi yake." Akafungua kava la plastiki la mbele ya injini, lile ambalo yule wa Dar hakuligusa kabisa, akaingiza mkono, akatoa mkanda mweusi umekatika, meno yamenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule.

Nikamwambia hapana, mzee, injini hii ina cheni, nimeiona. Akasema, "Umeiona, ndiyo. Njoo uione vizuri."

Hapa naomba mnisikilize, wenye Tucson za kwanza na Elantra za miaka ile zenye injini hii ya lita mbili. Zina VYOTE VIWILI. Mkanda unatoka kwenye krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, kwenda kuzungusha kamshafti moja, shafti ya juu inayofungua valvu, ile ya ekzosi. Halafu kuna kicheni kifupi kabisa kinachounganisha kamshafti hiyo na mwenzake. Ukifungua tapeti kava unakutana na kicheni. Mkanda huuoni, upo nje kwenye kava lake. Mtu aliyezoea injini za 1NZ na 1ZZ za Toyota, ambazo kweli zina cheni tupu, anaona kicheni, anafunga, anakupa bili. Na mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu hazina pa kukimbilia: pistoni zinapanda, valvu zimebaki wazi, zinagongana. Yangu ina valvu 16. Zilizobaki zimenyooka zilikuwa nne.

Nikauliza kwa hasira sasa, hawa watu wa Korea wana akili gani kuweka mkanda na cheni kwenye injini moja? Si mtego huo? Mzee akaenda kwenye gari, akafungua dashibodi, akanipa kitabu cha gari. Kilikuwemo muda wote, bado kimefungwa na mpira. Akafungua ukurasa wa matengenezo, mkanda umeandikwa, na kilomita zake zimeandikwa. Sikuuliza tena swali hilo siku hiyo.

Kazi ilichukua wiki tatu na pesa ambayo nikiitaja mama atauliza kwa nini sikujenga. Valvu, gasketi, kuchonga hedi, mkanda mpya na tensheni yake. Mkanda wenyewe, kati ya vyote hivyo, ulikuwa karibu kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Ningeununua kwa pesa niliyomlipa yule bwana kwa oili na plagi, nikabakiwa na chenji ya supu.

Spea nilizitafuta mwenyewe Kariakoo, na hapo Hyundai ilinikera upya. Siyo kwamba hazipo. Zipo, ila unazunguka. Spea za Toyota unazikuta hata kwa muuza vocha. Duka la nne kijana akaniletea gasketi ya Honda. Nikamwambia hii H siyo hiyo H, yangu imelala. Akajibu, "H ni H tu, aunti, zote za kule kule." Mimi nimejifunza mtandaoni kwamba ile H iliyoinama ni picha ya watu wawili wanapeana mikono, kampuni na mteja. Nikatamani nimwelezee. Nikaona jua kali.

Tena msisahau kwamba Korea wanaendesha upande wa kulia, usukani wao upo kushoto. Kwa hiyo yale maelfu ya mitumba kwenye yadi za Korea hayatufai hapa kwetu, tunategemea zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza au Singapore. Ndiyo maana ni chache, na mafundi wanaozijua ni wachache. Hili huyu wa Dar angeniambia tu, "Dada, hizi sizijui vizuri," ningemheshimu mpaka kufa.

Sasa kichekesho. Wiki hizo tatu nilikuwa naenda na kurudi Morogoro kwa treni ya SGR, mara mbili nikapata mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka. Nimekaa kwenye kiti kizuri, baridi safi, nje Ruvu inapita, nachati namlaani Mkorea. Jirani yangu, mzee wa suti, akachungulia simu yangu akasema kwa upole, "Na hii uliyopanda unajua nani kaitengeneza?" Hyundai Rotem. Mchongoko wenyewe, na vile vichwa vya umeme pia. Ukoo uleule. Nikafunga simu.

Basi nikaanza kuwasoma, kwa ukorofi tu, nitafute ubaya mwingine. Nikakutana na huyu mzee Chung Ju-yung, mtoto wa mkulima kutoka kijiji ambacho leo kipo Korea Kaskazini. Alitoroka kwao zaidi ya mara moja, na safari mojawapo alibeba pesa ya ng'ombe wa baba yake. Akauza mchele, kisha mwaka 1940 akafungua, sikilizeni vizuri, gereji. Gereji ya magari, Seoul. Ikaungua, akakopa tena, akaanza upya. Hyundai Motor ilikuja 1967, wakaanza kwa kuunganisha Ford Cortina, mpaka 1975 wakatoa gari lao wenyewe, Pony, umbo limechorwa na Mwitaliano Giugiaro, injini ya Mitsubishi. Na 1998, mwaka huohuo ambao kampuni yake ilikuwa inaimeza Kia iliyofilisika, mzee huyo na uzee wake akavuka mpaka kurudi kaskazini na malori ya ng'ombe: 500 mwezi Juni, 501 mwezi Oktoba. Jumla 1,001. Yule mmoja ni deni la baba.

Hilo la ng'ombe lilinimaliza, nakiri. Nilitoka Dar na nyota moja, nikashuka Morogoro na nne. Mtu aliyeanza na gereji ikaungua na bado akalipa ng'ombe! Ningependa tu kujua kama mteja wa kike alipofika pale Seoul aliambiwa amlete shemeji.

Gari imetoka. Inatembea jamani, nisiwadanganye. Mikumi nimekwenda na kurudi, kimya, imetulia barabarani kuliko gari nyingi nilizowahi kuendesha. Kiyoyozi cha mama yule wa zamani bado kinauma masikio. Kwa hiyo nne.

Au tatu. Kwa sababu juzi nimejaribu kuiuza, nijue tu bei. Dalali akaizunguka, akapiga tairi teke, akasema, "Nzuri, imetunzwa. Ingekuwa Toyota ningekupa mara mbili." Nikamweleza habari ya mkanda mpya, risiti ninazo, hedi imechongwa. Akasema, "Hiyo si ina cheni?"

Nikachukua funguo yangu mkononi mwake.

Nyota mtaniwekea nyie. Yule fundi wa Dar, kwa taarifa yenu, bado ana namba yangu, na juma lililopita kanitumia meseji: "Dada habari, service imefika, karibu." Mkanda uliokatika ninao kwenye buti, nimeufunga kwenye gazeti. Jumamosi nitapita.