Uzoefu wangu wa Jungle Cruise: safari mbili katika mto uleule

Nimepanda boti za Jungle Cruise, safari ya mto bandia wenye sanamu za wanyama katika Disneyland, bustani ya burudani iliyoko Anaheim, California, mara mbili: kwanza mwaka 2012, nilipokuwa bado mgeni Marekani, kisha mwaka 2023 nikiwa na mke wangu na binti yetu. Katikati ya safari hizo kivutio hiki kilifanyiwa mabadiliko makubwa na kufunguliwa tena Julai 2021, na mabadiliko hayo yalizua ubishi mkali miongoni mwa watu waliokipenda tangu utotoni. Mimi nilikulia Mwanza, na viboko niliwajua muda mrefu kabla sijajua kwamba kuna mahali watu hulipa kiingilio kutazama sanamu zao. Kwa hiyo sina utoto wa kuutetea katika jambo hili, ingawa nimegundua kwamba hata mimi nina vitu humo ambavyo nisingependa viguswe.

Cha kwanza ni miti. Kivutio kilizinduliwa siku ileile bustani ilipofunguliwa, tarehe 17 Julai 1955, na mwanzilishi wake, Walt Disney, alikuwa ametamani wanyama halisi hadi alipoelezwa kwamba mchana wangekuwa wamelala au wamejificha, ndipo wakatengenezwa wa mitambo. Msitu, hata hivyo, ulipandwa kweli. Bill Evans, aliyesimamia mimea, alichukua michungwa iliyong'olewa katika eneo hilo la mashamba na kuisimika kichwa chini, ili mizizi yake ionekane kama matawi yaliyopindapinda ya msituni. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana sisi tumesimuliwa tangu utoto kwamba mbuyu nao ulipandwa hivyohivyo. Leo mimea ya mahali hapo ina kivuli na unyevu wake yenyewe, kiasi kwamba unasahau kuwa boti inafuata reli iliyofichwa chini ya maji yaliyotiwa rangi. Ni nadra kitu cha burudani kuwa bora zaidi kwa kuzeeka tu, bila kuguswa na fundi.

Cha pili ni nahodha. Hapo mwanzo maelezo yake yalikuwa ya kielimu na makini, lakini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mchoraji Marc Davis aliongeza matukio ya kuchekesha, likiwemo bwawa la tembo wanaooga la mwaka 1962 (tembo wa Asia, utawajua kwa masikio yao madogo), na manahodha nao wakageuka wachekeshaji. Vichekesho vyao ni vya kucheza na maneno, na ukivifasiri vinakufa. Maporomoko ya maji, kwa mfano, yanaitwa Schweitzer kwa kumkumbuka Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné nchini Gabon, lakini nahodha hukwambia bila kutabasamu kwamba yamepewa jina la mvumbuzi mashuhuri, Dakta Albert Falls ("falls" kwa Kiingereza ni maporomoko). Kisha boti hupita nyuma ya maporomoko hayo na abiria hutangaziwa, kwa fahari kubwa, kwamba sasa wanauona upande wa nyuma wa maji. Anapodai kwamba kiboko huwa hatari anapotikisa masikio, mtu wa Mwanza hunyamaza kwa adabu, kwani kiboko wa kwetu hutisha kwa kupanua kinywa.

Sasa niseme juu ya kilichoondolewa. Mwaka 2012 tulipita kwenye nguzo ambako kifaru alikuwa amewapandisha watu waliomkimbia: mzungu juu kabisa, akiwa salama, na wapagazi Waafrika chini yake, karibu na pembe. Mwishoni alisimama Trader Sam, muuza vichwa vya watu vilivyokaushwa. Watu wote botini walicheka, nami nilianza kucheka nao kabla sijatazama vizuri ni nani aliyewekwa wapi. Sanamu hizo hazipo tena, na sioni safari ilichopoteza.

Mwaka 2023 nguzo ile ilikuwa palepale na kifaru yuleyule, ila waliopanda sasa ni wanamsafara wenye majina na kazi zao: mtaalamu wa mimea, mchoraji, mtaalamu wa wadudu kutoka Japani, na nahodha mwenye mkosi aitwaye Felix. Kampuni ya boti inasimuliwa kuwa mali ya Alberta Falls, mjukuu wa yule Dakta Albert wa kwenye mzaha. Hapo ndipo nilipowavulia kofia wabunifu, kwa sababu badala ya kuleta hadithi kutoka nje walichukua mzaha wa zamani na kuuzalia ukoo. Kasoro ni kwamba safari huchukua kama dakika saba au nane tu, na binti yangu alishuka bila kukumbuka jina la mwanamsafara hata mmoja. Alichokumbuka ni sokwe waliojazana katika boti iliyovunjika.

Jambo linalonikera zaidi ni jingine. Wapagazi na wapiga ngoma wametoka, lakini mahali pao sikuona mwenyeji yeyote wa mto huo. Boti moja inaitwa Congo Queen na nyingine Zambezi Miss, ukingoni kuna simba na pundamilia, ila mvuvi mmoja anayetengeneza wavu wake na kuwacheka watalii waliopotea hayupo, ilhali angetosha kuwa kichekesho bora kuliko vyote. Wabunifu wa kampuni hiyohiyo wanaweza kufanya hivyo: huko Florida, katika bustani ya wanyama waliyoifungua mwaka 1998, walijenga kijiji kizima wakiitazama Lamu, wakakiita Harambe. Wamekosea kwa kuacha herufi moja, lakini hiyo tunawasamehe.

Ukienda, panda mara moja mchana kwa ajili ya miti na mara nyingine usiku, taa zinapomulika sehemu tu za ukingo, na ukae karibu na nahodha mbele. Usiku ule wa 2023 nahodha wetu alikuwa kijana mwenye sauti iliyokauka kwa kazi ya kutwa, na alipofika kwenye maporomoko mzee aliyeketi mbele yangu alitamka kile kichekesho chote pamoja naye, neno kwa neno.