Saadani kwenye jua la Januari: mashua mchana, gari jioni

Mnaofikiria kupeleka wazee na watoto kuona wanyama kwenye hifadhi ya Saadani msimu huu wa kaskazi, nendeni, joto lisiwazuie. Ila msikubali ratiba tuliyouziwa sisi, ya kuzunguka na gari mchana kutwa halafu mashua ije mwishoni "kama muda utaruhusu".

Tulikuwa mimi, baba, dada yangu na watoto wetu. Gari, mafuta na chakula tulichukua kwa mtu mmoja wa hapahapa Tanga mjini anayepeleka wageni hifadhini. Tulikubaliana gari liwe mlangoni kwetu Chumbageni saa kumi alfajiri. Lilifika saa kumi na mbili, kumeshakucha, na dereva hata pole hakusema. Kwenye joto la Januari hizo saa mbili ndizo zenye thamani, kwa sababu swala, twiga na simba hutembea na kula asubuhi. Jua likishapanda, kila mwenye manyoya yuko kivulini. Tukavuka mto Pangani kwenda Bweni, tukapita Mwera, tukaingia hifadhini upande wa Mkwaja, jua linachoma mpaka vyuma vya gari havishikiki. Tulizunguka muda mrefu tukaambulia mgongo wa pofu akizama kichakani. Mtoto wa dada akaanza kuuliza kama wanyama wamehamishwa.

Hapo Mkwaja aliyetuokoa ni baba. Alikuwa karani kwenye mashamba ya mkonge, na Mkwaja anaijua kwa nyama. Ilikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe, iliyoanzishwa na kampuni ya Amboni ili wafanyakazi wa mkonge wapate kitoweo. Akawaonyesha wajukuu nyika yote ile, akawasimulia foleni ya nyama siku ya mshahara. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na adui yake mkubwa miaka yote alikuwa ndorobo, yule inzi anayenyonya damu, maana ndiye anayewapa ng'ombe ugonjwa wa nagana. Saadani ilipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, ranchi ikaingia ndani yake. Ng'ombe wameondoka, ndorobo wapo. Wanafuata chochote kinachotembea, gari likiwemo, na wanavutiwa sana na rangi ya bluu na nyeusi. Mwanangu alivaa fulana ya bluu, akaumwa begani juu ya nguo. Vaeni kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Mwenye gari alipaswa kutuambia hili tangu tunalipa.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza ndiye aliyeibadilisha siku. Alimwamkia baba, akatazama watoto walivyolegea, akaniambia, "Dada, saa hizi mnyama wa nchi kavu utamtafuta mpaka uchoke. Kiboko hana pa kwenda. Twendeni Wami sasa hivi, gari tutazungukia jioni." Dereva alitaka kubisha kwamba ratiba haisemi hivyo. Baba akamwambia, "Mwanangu, mwenye nyumba ameshasema."

Mto Wami unaingia baharini upande wa kusini wa hifadhi, na mashua ndiyo ninayoisifia kuliko vyote. Ina turubai juu, jaketi okozi zilitutosha wote mpaka za saizi ya watoto, na baba mwenye magoti mabovu aliwekewa ubao, akashikwa huku na huku, akapanda bila tabu. Upepo wa bahari unapanda na mto katikati ya mikoko, na joto lote la garini likatutoka.

Viboko walikuwa kundi, masikio na pua juu ya maji. Mchana wanakaa majini kwa sababu ngozi yao inakauka na kupasuka juani. Usiku ndiyo wanatoka kula majani. Mmoja alikuwa amelala kwenye tope kando, na mgongoni anameremeta wekundu. Binti wa dada akapiga kelele kwamba anatoka damu. Askari akamweleza taratibu kwamba yale si damu wala jasho. Ni majimaji ya ngozi yake yanayomkinga na jua, tena yanazuia vijidudu. Mita chache mbele, mamba kwenye ukingo ameachama, hasogei, hapepesi. Watoto walidhani anatutishia, kumbe ndivyo anavyopunguza joto mwilini. Tulikuwa karibu kiasi cha kuona ndani ya mdomo, njano iliyopauka, na inzi akitembea juu ya jino. Watoto hawa walishaona mamba kwenye bustani moja ya wanyama, kalala kwenye saruji bila hata mti wa kumkinga na jua. Nilitaka sana waone mnyama anayejichagulia kivuli chake na maji yake, na waliona.

Furukombe na mdiria hata sikuwahesabu.

Jioni kwenye gari tulipata twiga, kuro, tohe na ngiri wengi, wote wametoka kula. Tembo tuliona kinyesi tu, kibichi. Kisha askari akatusimamisha pwani. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania inayogusa Bahari ya Hindi, na kwa sisi watu wa Tanga ni jambo la kujivunia.

Chakula kilikuwa chapati, kuku na ndizi, kizuri, na maji ndani ya deli yalibaki ya baridi mpaka magharibi. Kiingilio hakilipwi taslimu, unapewa namba ya malipo. Bebeni vitambulisho vya NIDA mlipe kiwango cha Mtanzania.

Mashua na askari nawapa nyota tano. Gari nalipatia nyota mbili, moja ya maji baridi na moja ya kuturudisha salama. Mwenye gari nimempigia, nimemwambia aweke mashua mchana kwenye ratiba yake na awape wateja habari ya rangi za nguo. Amekubali. Mwezi wa pili nampeleka shangazi, na safari hii tunalala Pangani usiku wa kuamkia, ili jua likichomoza tuwe tayari ndani ya hifadhi.