SLF4J na Logback: uzoefu wangu wa kuandika logi safi bila kuilemea programu

Kwa kuandika logi (kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu) kwenye mradi wowote wa Java, bado nachagua maktaba mbili: SLF4J mbele na Logback nyuma. SLF4J ndiyo inayoitwa na msimbo wako, Logback ndiyo inayoandika. Zote mbili zilianzishwa na Ceki Gülcü, aliyeanzisha pia log4j, maktaba ya logi iliyotangulia, na Logback inaielewa SLF4J moja kwa moja bila daraja katikati.

Ninachokipenda zaidi ni alama {}, inayoshika nafasi ya thamani ndani ya ujumbe. Bila hiyo, kila mstari wa DEBUG (ngazi ya ujumbe wa uchunguzi wa kina) huzungushiwa `if (log.isDebugEnabled())` mpaka kazi halisi ya programu haionekani. Hapa unaandika `log.debug("Oda {} imelipwa na {}", id, mteja)`, basi. DEBUG ikiwa imezimwa, ujumbe hauungwi kabisa; gharama ni kuangalia ngazi tu. Ukiandika `"Oda " + id`, Java inaunga maneno kwanza, ndipo inauliza kama yanahitajika.

Ila {} inaahirisha kuunga ujumbe tu, haiahirishi kukokotoa vigezo. `log.debug("Oda: {}", oda.kwaJson())` inageuza oda nzima kuwa JSON kila inapopitiwa, hata DEBUG ikiwa imezimwa. Kwenye kitanzi cha oda 10,000, hiyo ni kazi ya bure mara 10,000. Pitisha `oda` yenyewe, toString() yake (inayoigeuza kuwa maandishi) iitwe pale tu ujumbe unapohitajika. Au, kuanzia SLF4J 2.0, tumia lambda, kipande cha msimbo kinachoitwa pale tu kinapohitajika:

`log.atDebug().addArgument(() -> oda.kwaJson()).log("Oda: {}");`

Ni ndefu kidogo, kwa hiyo naiweka kwenye vigezo vizito pekee. Kwa hitilafu, `e` iwe kigezo cha mwisho na usiiwekee {} yake: `log.error("Malipo {} yameshindikana", id, e)`. Ukiipa `e.getMessage()` badala yake, unapoteza mlolongo wote unaoonyesha hitilafu ilianzia wapi.

Sasa AsyncAppender, sehemu ya Logback inayoandika logi kwa nyuma, ambayo watu huiwasha wakidhani imemaliza kila kitu. Inaondoa kusubiri diski, kwa kuwa uzi (thread) mwingine ndio unaoandika kwenye faili. Lakini ujumbe wenyewe bado unaungwa kwenye uzi wako kabla ya kuingia kwenye foleni, hivyo toString() nzito inabaki kuwa mzigo wako. Jambo zito zaidi: foleni ina nafasi 256 usipobadilisha, na nafasi zilizobaki zikipungua chini ya asilimia 20, Logback inatupa ujumbe wa ngazi za chini (TRACE, DEBUG na INFO) kimyakimya. WARN na ERROR zinabaki. Maana yake INFO zinapotea saa ile ile mfumo umezidiwa, saa unayozihitaji kuliko zote. Weka `discardingThreshold` (kiwango cha kuanza kutupa) iwe 0 na uongeze `queueSize` (ukubwa wa foleni). Bei yake ni kwamba foleni ikijaa kabisa, nyuzi zako zitasubiri. `neverBlock` ikiwa true hazisubiri, ila logi zinapotea tena. Mimi nachagua kusubiri kwenye mfumo wa malipo, na kupoteza kwenye huduma ambayo logi zake ni za kuchungulia tu.

Kwenye mpangilio wa mstari, ondoa %L, %M na %C. Ili kupata namba ya mstari, jina la metodi au la klasi, Logback inalazimika kuchukua mlolongo wa miito kwa kila ujumbe, na hiyo ni gharama kubwa. %logger (jina la logger iliyoandika) inatosha ukiandika ujumbe unaoeleweka.

Angalia pia matoleo. SLF4J 2 haiitambui Logback 1.2: programu inawaka, inatoa onyo kwamba haikupata mtoaji (provider, yaani maktaba ya kuandika logi), kisha kimya, hakuna logi hata moja. Tumia Logback 1.3 ukiwa kwenye Java 8, au 1.5 ukiwa kwenye Java 11 kwenda juu.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano naizuia kwa sababu ya huko kutupa INFO bila mtu kuomba.