Kilwa, Kivinje, Mikindani: ulipie mtu akuongoze au usikilize simu?

Wifi yangu alikuja kutoka Masasi na hedifoni mpya na masimulizi ya Kilwa ameshayapakua kwenye simu. Tulipovuka kutoka mji wa Kilwa Masoko kwenda magofu ya Kilwa Kisiwani hakutaka hata kumsikiliza mwongozo. Baada ya muda nikamkuta ndani ya Msikiti Mdogo wa Kuba, macho chini, anazunguka kama aliyedondosha hereni.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Mawe ya kusugulia miguu. Wanasema yapo hapa."

Mwongozo wetu, kijana wa pale pale kisiwani, akacheka taratibu. "Dada, hayo umeyapita. Yapo Msikiti Mkuu." Akaturudisha hadi penye birika la kutawadhia, akatuonyesha mawe ya mviringo yenye ngozi kavu kama msasa, ambayo watu walisugulia nyayo kabla ya kuingia kuswali. Sauti ya kwenye simu haikukosea hata neno. Ilikuwa tu haijui wifi amesimama wapi.

Tangu siku hiyo, ndugu na marafiki wakiniuliza walipie nini, ninapanga hivi.

Ya kwanza: mwongozo wenu wenyewe, aliyezaliwa au anayeishi Kilwa. Kwa Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara sioni mjadala. Magofu yametawanyika. Msikiti Mkuu, ngome iitwayo Gereza na jumba la Makutani unaweza kuyaunganisha mwenyewe kwa miguu, lakini Husuni Kubwa ipo mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali linaloitazama bahari. Ukifika peke yako utaona kuta za matumbawe na vichaka. Ukifika na mtu anayepajua, atakusimamisha ukingoni mwa bwawa la pembe nane, akuonyeshe wapi ulikuwa ua na wapi ngazi zinashukia majini, na jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14 litaanza kusimama mbele yako.

Halafu kuna bahari. Songo Mnara unashukia karibu na mikoko, na maji yakikupwa unaweza kutembea kwenye tope hadi magotini huku viatu umevishika mkononi. Mwongozo mzuri huzungumza na nahodha tangu jana yake kuhusu saa za maji, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Hiyo nayo ni sehemu ya unachokilipia, ingawa wengi hudhani wanalipia hadithi tu.

Kabla ya kukubaliana bei, mpime. Mimi humuuliza: Gereza lilijengwa na nani? Akijibu "Wareno" akanyamaza, najua amekariri. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, lakini jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, karne tatu baadaye. Anayekueleza tabaka zote mbili, na kukuonyesha ukutani ujenzi ulipobadilika, mpe kazi. Anayekuambia kila tundu lilikuwa la watumwa, mshukuru uendelee na safari.

Kwenye bei, mambo yanayozua ugomvi ni machache: ni kwa kichwa au kwa kundi? Mashua imo? Kibali cha kuingia magofuni kimo? Kurudi ni saa ngapi? Kibali huchukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Niliwahi kukubali bei ya "kila kitu", tukafika katikati ya mkondo nikaambiwa mafuta ya boti ni juu yangu. Majini huna pa kushukia ukabishane.

Ya pili: mwongozo wa kuchangia. Mkiwa wanne au watano gharama inashuka na bado kila mtu anasikia. Mkizidi hapo, hasa mkichanganywa na ziara ya shule, wa nyuma wanalipia kuangalia mgongo wa mwenzao. Bora mgawanyike mara mbili.

Ya tatu: masimulizi ya sauti. Nimeyaweka hapa, lakini siyadharau. Sauti ina nguvu kwa vitu ambavyo havipo mbele ya macho yako. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji, ilipita hapa. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hayo yote yasikilize jioni ya kuamkia safari, ukiwa umejilaza nyumba ya wageni, feni inazunguka. Asubuhi ukivuka, masikio yawe wazi.

Ukinunua, chagua yanayofanya kazi bila intaneti na yenye ramani inayokufuata hatua kwa hatua, la sivyo utatafuta mawe kwenye msikiti usio wake. Sikiliza kipande cha majaribio kwanza, maana kuna msomaji anayeitamka "Kilwa Kivinje" kama anatafuna kashata. Mengi yapo kwa Kiingereza. Kama unasafiri na bibi au watoto, hilo tu linatosha kukurudisha kwa mtu.

Mahali ambapo sauti inampiku mwongozo ni Mikindani, karibu na Mtwara. Mji ni mdogo, unazunguka kwa miguu, na hakuna wa kukukimbiza. Unaweza kukaa kivulini ukisikiliza habari za Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, kisha ukapanda polepole hadi Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli. Zima simu ukifika kwenye milango ya nakshi. Ile ni ya kutazama.

Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa pwani ya bara, ni kinyume chake. Huko hata mwongozo mwenye kitambulisho shingoni humtafuti. Unaomba uelekezwe kwa mzee, unaamkia shikamoo, unakaa. Habari za biashara ya utumwa na za vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani zinasimuliwa na watu wanaosema "babu yangu". Ila usiache akili barazani: ukiambiwa Kinjekitile Ngwale, mganga aliyechochea vita hivyo, alinyongwa hapo, kumbuka alinyongwa Mohoro, Rufiji, Agosti 1905. Wapo waliouawa Kivinje, nao wanastahili hadithi yao wenyewe bila kuazima ya mwingine.

Kilima cha Tendaguru, kwa wanaouliza kuhusu mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Lindi: chukua vyote viwili, mwongozo na sauti. Bila mwenyeji na gari imara hufiki, na ukifika unakuta pori, kwa sababu mifupa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 ilipelekwa Ujerumani. Mifupa ya mjusi mmoja imeunganishwa na kusimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Hapo hedifoni zina kazi.

Ya mwisho: kwenda na vibao tu. Labda kama umeshafika mara tatu.

Kuna njia moja ambayo haiuzwi popote, nayo ndiyo niliyoipenda zaidi. Mwombe mwongozo ruhusa umrekodi, umwongeze kitu kidogo juu ya bei, kwa kuwa sauti yake ndiyo mtaji wake. Wifi alifanya hivyo Songo Mnara, hedifoni zikiwa mkobani. Rekodi ninayo, dakika arobaini, na karibu na mwisho nahodha anasikika kwa mbali akituita: "Haya jamani, maji yanatoka!"