Scream (1996): muvi inayokupa sheria zote na bado inakukamata

Nimeirudia Scream wiki hii, sijui ni mara ya ngapi, nikaona nikae niandike vizuri maana kila nikisoma watu wanavyoongelea hizi muvi za kutisha zinazojiongelea zenyewe, nakuta wengi wanasema ni za kuchekesha tu, ni za kudhihaki zingine. Sio kweli jamani. Scream inatisha kabisa, na inatisha kwa sababu watu waliomo ndani wameshaangalia muvi zilezile ulizoangalia wewe, wanajua kila kitu unachojua wewe, na wanakufa hivyohivyo.

Tahadhari mapema, kuna vitu nitavimwaga humu, ila muuaji ni nani simtaji.

Chukua zile dakika kumi na kitu za mwanzo. Drew Barrymore yuko nyumbani peke yake usiku, kaweka bisi jikoni, simu inaita. Anayepiga ana sauti nzuri tu, wanapiga stori, anamuuliza we muvi gani ya kutisha unaipenda zaidi, binti anacheka huku anachezea kisu cha jikoni. Sasa angalia zile bisi. Ziko kwenye kile kikaango cha foili ambacho kinavimba kadiri zinavyoiva, na kamera inakirudia, stori bado tamu, inakirudia tena, kimevimba zaidi, stori imeanza kuharibika, mpaka inafika mahali kinawaka moshi jikoni na hakuna tena mtu wa kukiepua. Hamna muziki wala mzimu ulionitia presha kama lile foili.

Alafu linakuja swali. Boifrendi wake kafungwa kwenye kiti huko nje, na ili jamaa apone, binti anatakiwa ataje muuaji wa muvi ya Friday the 13th. Anapiga kelele Jason! Jason! kaiangalia mara kibao. Kakosa. Ile ya kwanza ya 1980 muuaji ni mama yake Jason, Jason mwenyewe anaanza kuua kwenye ya pili. Nakumbuka mara ya kwanza na mimi nilijibu Jason kwa sauti, yaani lile swali lilikuwa langu pia, na pale ndo nilielewa hii muvi haikai upande mwingine wa kioo ikikuangalia, imeshaingia unapokaa.

Na Barrymore ndo alikuwa jina kubwa kuliko wote kwenye posta! Sote tumekua tunajua steringi hafi. Hapa kafa mapema kabisa, na ni yeye mwenyewe aliyeomba hiyo sehemu, mwanzoni alikuwa acheze Sidney, msichana ambaye ndo mhusika mkuu. Kuanzia hapo huna wa kumshikilia, yeyote anaweza kuondoka muda wowote. Ile sauti ya kwenye simu nayo ni ya Roger L. Jackson, alikuwepo palepale wakirekodi, anaongea nao kwenye simu ya kweli ila kafichwa wasimwone, kwahiyo ule woga wa kuongea na mtu usiyemjua sura sio wa kuigiza wote.

Sidney kaigiza Neve Campbell na kuna dakika mbili zake ambazo kwangu ndo muvi nzima. Anaulizwa kwenye simu kwanini haangalii muvi za kutisha, anajibu zote zilezile, muuaji mjinga anamfukuza msichana ambaye badala ya kutoka mlango wa mbele anakimbilia juu ghorofani. Muda mfupi baadae anavamiwa, anakimbilia mlango wa mbele kama mtu mwenye akili, na mlango una mnyororo, alioufunga yeye mwenyewe ili awe salama, hawezi kuufungua kwa haraka ile. Anapanda ngazi. Miaka yote tumekuwa tunawatukana wale wasichana kwenye skrini, we mjinga unapanda juu unaenda wapi, hapa unaona kwa macho yako mtu anavyofika juu bila kuwa mjinga. Kevin Williamson aliyeandika skripti hakumcheka yule msichana wa zamani, amemtetea!

Kuna Randy, jamaa wa duka la kanda za video, ndo anatoa sheria za kupona mbele ya wenzake kwenye pati: usifanye ngono, usilewe wala usivute bangi, na usije ukasema "narudi sasa hivi". Palepale mmoja anainuka kwenda kuchukua bia na anaisema kwa makusudi, wote wanacheka. Hicho kipande watu wanakinukuu sana, ila kilicho bora ni kinachofuata baadae, Randy amebaki peke yake kwenye sofa, kalewa, anaangalia Halloween ya 1978, anamwambia Jamie Lee Curtis geuka, geuka, yuko nyuma yako. Na muuaji yuko nyuma ya Randy. Alafu huko nje kwenye gari la waandishi wa habari kuna mpiga picha anamwangalia Randy kupitia kamera iliyofichwa sebuleni, na yeye anapiga kelele geuka wewe, yuko nyuma yako. Ila picha yao inachelewa sekunde 30. Anachokiona kimeshapita. Akikumbuka hilo ameshachelewa yeye pia. Na mimi huku niko kwenye kochi langu, na nakiri niligeuka, kweli niligeuka nikaangalia nyuma.

Wes Craven, muongozaji wa Scream, alikuwa ameshajaribu hii kazi miaka miwili nyuma, New Nightmare ya 1994, Heather Langenkamp anaigiza kama yeye mwenyewe, na Craven naye yumo anaandika skripti inayotokea kweli. Wazo kubwa, naliheshimu, ila inazunguka sana kabla haijauma. Scream inauma kuanzia simu ya kwanza.

Wengi watakwambia The Cabin in the Woods ndo bora zaidi. Naipenda kweli, wale wazee wawili wa ofisini wanaobonyeza vitufe ili vijana wafanye ujinga ni wazo zuri mno, kile kipande kijana anasema tusitengane, wanapuliziwa gesi, sekunde chache baadae anabadilika anasema tugawanyike, ni jibu safi kwa swali tulilouliza miaka yote. Lakini ukishajua kuna watu wanabonyeza, woga unashuka, unabaki kufurahia mitambo. Ile ya Kijapani, One Cut of the Dead ya 2017, dakika 37 za kwanza bila kukata, iangalie bila kusoma chochote na usizime katikati hata ukiona inayumba, nakuomba. Funny Games ya Haneke nimeiangalia mara moja inatosha, mama anampiga risasi mmoja wa wale vijana, mwenzake anachukua rimoti anarudisha nyuma muvi yenyewe. Ni ufundi mkubwa ila inakugombeza wewe mtazamaji kwa kuja kuangalia, na mimi sipendi kugombezwa na mtu aliyenialika.

Mapungufu ya Scream yapo. Mapolisi hawafanyi kazi ya maana hata moja. Katikati inalegea, na kifo cha mkuu wa shule kiliongezwa kwenye skripti kwa sababu kurasa zilikuwa zinapita nyingi bila mtu kufa, unakiona kabisa kimepachikwa, ingawa kimesaidia kuwaondoa vijana kwenye pati maana wanakimbilia kwenda kuona maiti. Mwisho nako kuna maelezo mengi ya mdomo, muuaji anaongea wakati angetakiwa kumaliza kazi.

Naipa 9 kwa 10. Kama hujawahi kuiona, tafuta Halloween kwanza, ile ya 1978 ya John Carpenter, iangalie yote kwa utulivu, alafu ndo uweke Scream usiku wa pili. Ukifika kile kipande cha sofa utakuwa unajua Randy anaangalia dakika gani ya ile muvi, na utaisikia ile piano ikitoka kwenye tivii yake huku chumba chake chote kimetulia.